Picha zimejaa kwenye simu, kitabu cha sanaa kina kazi gani?

Wapo wanaosema kitabu cha picha za sanaa kimepitwa na wakati. Makumbusho mengi makubwa yameweka kazi zao kwenye intaneti, bure, na mtu anaweza kukuza picha mpaka aone nyufa za rangi. Ya nini basi kununua kitabu kizito, tena cha bei ya kuumiza? Swali ni la haki, na mimi ninayevipenda vitabu hivi siwezi kulijibu kwa mapenzi tu. Inategemea kilichomo ndani.

Kwa uchoraji, nakiri, kitabu kina udhaifu mkubwa. Guernica, mchoro wa Picasso wa mwaka 1937, ina kimo cha karibu mita 3.5 na upana wa karibu mita 7.8. Mona Lisa haifiki hata sentimita 80 kwenda juu. Kitabuni, asiyesoma vipimo vilivyoandikwa kwa herufi ndogo chini ya picha atadhani zinalingana. Tena Guernica ikitandazwa kwenye kurasa mbili, mkunjo unameza sehemu ya farasi yule aliyejeruhiwa katikati. Rangi nazo hupungua: wino ni wa aina 4, samawati, majenta, manjano na nyeusi, na rangi ya chungwa iliyokolea sana hufika ukurasani imefifia.

Lakini skrini nayo si ya kuaminiwa hivyo. Mchoro uleule una sura moja kwenye simu yangu na nyingine kwenye kompyuta. Ukurasa uliochapwa, hata ukikosea, hukosea karibu vilevile kwa kila mwenye toleo hilo, kwa hiyo angalau tunabishana juu ya kitu kimoja.

Kwenye upigaji picha mizani inageuka kabisa. Hapa kitabu si nakala ya kitu kilichotundikwa ukutani mahali pengine. Mara nyingi ndicho kazi yenyewe. Imekuwa hivyo tangu mapema: mwaka 1843 Anna Atkins wa Uingereza alianza kutoa kurasa za kitabu chake cha picha za mwani, bila kamera, akiulaza mmea juu ya karatasi iliyopakwa dawa na kuianika juani, mpaka umbo likabaki jeupe kwenye buluu. Na mpiga picha anayepanga kitabu hupanga pia ukimya. Mlango uliofungwa, ukurasa mtupu, kisha uso wa mtoto. Ukurasa ule mtupu una kazi yake: unakushikilia kidogo mbele ya mlango. Kwenye simu kidole kingeshapita.

Kazi za mikono ndizo zinazonisumbua zaidi. Wengi husema video imemaliza ubishi, kwa kuwa ufundi ni mwendo. Nilijaribu kusuka kitako cha kikapu kwa kufuata kitabu, nikakwama kati ya picha ya tatu na ya nne: katika ya tatu ufito uko juu, katika ya nne umeshapita nyuma, na safari yake haipo popote. Video fupi ilinikwamua. Ila nilipotazama tena kitabu kile niliona tatizo lake hasa. Picha zote zilikuwa za kamera, zimepigwa vizuri mno, na vidole vya fundi vimeziba palepale fito zinapopishana. Kitabu kingine nilichopata baadaye kilikuwa na michoro ya mistari: hakuna vidole, ufito mmoja mweusi na mwingine mweupe, unaona mara moja upi unapita juu ya upi. Kamera haiwezi kuuondoa mkono unaoshika kazi. Mchoraji anaweza.

Kwa hiyo lawama yangu ni kwa wachapishaji wanaochagua picha za kupendeza mahali palipohitaji michoro ya kufundisha. Nawaomba pia wavishone vitabu vya ufundi, wasivigandishe kwa gundi tu. Kilichoshonwa vizuri hulala wazi mezani mikono yangu miwili ikiwa imeshika fito zilizolowa; cha gundi hujifunga chenyewe kabla sijafika hatua ya tano.