Kikombe cha Kahawa na Kikombe cha Chai

Mwezi uliopita vijana wa klabu yangu ya sayansi hapa Kigoma waliwaandikia wenzao wa Tabora maelekezo ya kutoa DNA, kemikali inayobeba urithi wa kila kiumbe, kwenye ndizi mbivu. Ponda ndizi, tia chumvi na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ongeza maji kikombe kimoja, chuja kwa kitambaa safi, kisha mimina spiriti baridi taratibu pembeni mwa glasi. Kwetu nyuzi nyeupe za DNA zilipanda juu, tukazizungusha kwenye kijiti cha meno kama mtu anayekunja uzi. Tabora wakajaribu mara tatu, wakapata ukungu tu.

Vijana wangu wakasema wenzao wamekosea. Nikawauliza: kikombe gani? Kimya. Sisi tulitumia kikombe kidogo cha kahawa, kile cha barazani kisicho na mkono. Wao walichukua cha chai. Maji yakawa mengi mno, na kosa lilikuwa letu tulioandika.

Ndiyo maana naona ushirikiano wa kweli kati ya timu za bayolojia sintetiki, sayansi ya kupanga upya jeni (vipande vya DNA) ili kiumbe kifanye kazi mpya, ni huu: timu moja kurudia kazi ya nyingine na kusema bila kuficha iliposhindikana. Mashindano ya iGEM, ya timu za wanafunzi wa sayansi hiyo, yaliyoanzia chuo kikuu cha MIT, yalikuwa na timu 5 mwaka 2004, zote za Marekani. Siku hizi ni zaidi ya 300 kutoka pande zote za dunia. Kuanzia 2014 timu zilialikwa kupima bakteria wenye jeni zile zile za protini inayong'aa kijani, kila moja katika maabara yake. Majibu yalipishana, kwa sababu kila mashine ilikuwa na kipimo chake. Dawa ikapatikana: wote wapime kwanza rangi moja, fluoresini, halafu walinganishe namba zao nayo. Hicho ni kikombe chetu cha kahawa, kwa vyombo vya bei kali zaidi.

Basi sikubaliani na ushirikiano wa kujaza dodoso la timu nyingine, kupiga picha ya pamoja mtandaoni na kuhesabu kwamba tumeshirikiana. Najua ushindani unawaamsha vijana. Wangu hulala saa sita usiku wakisikia kuna cheti. Lakini ada ya kushiriki iGEM ni maelfu ya dola, na shule moja ya huku peke yake itaipata wapi? Kigoma na Tabora tuna reli moja tangu 1914. Timu moja ya mikoa miwili inawezekana, nami nitaipigania, ila kwanza tuzoee kupima sawasawa kwa ndizi na spiriti kabla ya kugusa jeni za bakteria.

Tulinunua vikombe viwili vya plastiki vya kupimia dawa ya kikohozi, vile vyenye mistari ya mililita. Kimoja tukakituma Tabora kwa treni, na maelekezo tukayaandika upya kwa mililita. Jumanne ikaja picha: nyuzi zimejaa kijitini. Chini yake binti mmoja ameandika, “Shikamoo mwalimu, tumefanikiwa. Ila hamkusema ni ndizi ya aina gani.”

Ni kweli, hatukuandika.