Mboga kwenye sinia: tumlazimishe mtoto au tumwache?

Nyumbani kwetu, Zanzibar, tunakula sinia moja. Mchana, sala ya adhuhuri ikishapita, mkeka hutandikwa ukumbini na sinia huwekwa katikati: wali wa nazi, mchuzi wa samaki na bamia umemiminwa juu yake, na upande mmoja mchicha wa tui au mtoriro, yaani majani ya viazi vitamu. Mwanangu wa miaka minne ana ufundi wake. Hula wali wa mbele yake, hunyoosha mkono mpaka kwa babaake kufuata mnofu wa changu, na kila jani linalokaribia tonge lake hulisukuma kwa kidole mpaka ukingoni. Tukimaliza kula, pale alipokaa huwa pamebaki mstari wa kijani umejipanga kama ua wa makuti.

Sisi wakubwa wa sinia hilo hatukubaliani. Babaake husema samaki mkunje angali mbichi: sisi hatukuulizwa tunapenda nini, kilichopikwa ndicho kilicholiwa, na leo tunakula kila kitu. Mama yangu, ambaye huja kukaa nasi akitoka Wete, humtetea mjukuu wake. "Mwache, mwanangu," huniambia. "Ukimshurutisha utamchukiza chakula chote. Atakula akikua." Mimi kwa muda mrefu nilishika njia ya katikati: "Maliza mchicha, ndiyo nikupe samaki." Nimezipima njia zote tatu, na naona kila moja ina haki yake na ina upungufu wake.

Jambo lenyewe si dogo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2023 unataka mtoto wa miaka 2 hadi 5 apate angalau gramu 250 za mboga na matunda kwa siku, wa miaka 6 hadi 9 gramu 350, na kuanzia miaka 10 gramu 400 sawa na mtu mzima. Gramu 250 ni kama ndizi moja, kipande cha papai cha kujaa kiganja, na upawa mmoja wa mchicha. Si kingi, lakini mwanangu hupita siku nzima hajafika nusu yake, na wenzake wengi mtaani ni hivyo hivyo: asubuhi chai na mkate, mchana wali na samaki, jioni chochote kitakachonunuliwa kwa shilingi 500.

Hapa nitasema jambo ambalo naona hatulitazami. Bara mtu akisema "mboga" huenda anamaanisha hata nyama. Kwetu mboga ni mboga, na kitoweo ni samaki. Siku samaki amekosekana tunasema "leo hakuna kitoweo", hata kama chungu kimejaa kisamvu cha nazi kilichotwangwa tangu asubuhi. Mtoto husikia. Kabla hajauonja mchicha ameshajua cheo chake, kwamba ni kile kinacholiwa pale kinachotakiwa hakipo.

Sasa hoja ya babaake. Ni kweli kwamba kizazi chetu kilikula mboga bila mjadala. Lakini nikikumbuka vizuri, fimbo haikuwa na kazi kubwa. Kilichotulisha ni kwamba hapakuwa na kingine. Ukiacha mtoriro, ulikuwa unasubiri mpaka usiku, na usiku kulikuwa na mtoriro. Leo mtoto akiukataa mchana, saa tisa atapata biskuti dukani, akitoka chuo cha Kurani atapata malai, na juisi ya unga ipo kila kona. Shuruti ya zamani ilikuwa ya njaa, na njaa hiyo, alhamdulillahi, wengi wetu hatunayo tena ndani ya nyumba. Tukibakiza sauti ya ukali peke yake, hatuna uhakika kama itafanya kazi ile ile.

Watafiti walishalijaribu hili. Mwaka 2006, Amy Galloway, Leann Birch na wenzao nchini Marekani walichapisha matokeo ya jaribio la supu mbili walizopewa watoto wadogo wa skuli. Supu moja watoto walikuwa wakihimizwa waimalize, nyingine waliachiwa wale watakavyo. Ile waliyohimizwa waliila kidogo zaidi, na wakaisema vibaya zaidi. Hapo mama yangu ana haki.

Na njia yangu mimi, ya kulipa kwa samaki, ina kasoro nyingine. Birch huyo huyo na wenzake, mwaka 1984, waliwapa watoto kinywaji kipya. Waliolipwa au kusifiwa ili wakinywe, mwisho walikipenda kidogo kuliko waliopewa bila malipo. Nikijisikiliza nasema nini siniani, naona sababu. "Maliza mchicha ndiyo upate samaki" humfundisha mtoto kwamba mchicha ni deni na samaki ndiye malipo yake. Nilikuwa nampandisha cheo samaki ambaye tayari alikuwa mfalme.

Lakini si kila zawadi ni mbaya, na hapa wanaopinga zawadi zote nao huzidisha. Mwaka 2011 Lucy Cooke, Jane Wardle na wenzao walichapisha utafiti wa watoto wa miaka 4 hadi 6 mjini London. Kila mtoto aliombwa aonje kipande kidogo cha mboga asiyoipenda, siku baada ya siku. Waliopewa stika, au sifa tu, waliipenda zaidi, na miezi mitatu baadaye walikuwa bado wanaipenda. Ninavyoona mimi, tofauti ni kwamba waliombwa kuonja, si kumaliza, na zawadi haikuwa chakula. Kuonja mtoto anaweza. Kumaliza upawa mzima wa kitu kinachomtisha hawezi, na akishindwa mbele ya watu, kesho atakiogopa zaidi.

Nije kwa mama yangu. Kumwacha mtoto ni sawa ikiwa maana yake ni kumwacha aamue ale kiasi gani. Watoto wengi kati ya miaka 2 na 6 hukiogopa chakula wasichokizoea, na woga huo hupungua kwa kukutana nacho mara kwa mara, kwa wengi mara 8 hadi 15 za kuonja. Lakini kumwacha mara nyingi huishia kwenye kumpikia cha kwake: "basi mkaangie yai". Kuanzia hapo hakutani na mboga kabisa, na huko kukua kutakakomfanya ale kunakosa kitu cha kukizoea.

Mara 8 hadi 15 ni rahisi kutamka kuliko kulipia. Mwaka 2016 mtafiti Caitlin Daniel alichapisha utafiti wake kuhusu wazazi wa eneo la Boston, na akaonyesha kwamba wenye kipato kidogo waliepuka kununua chakula ambacho mtoto angeweza kukikataa, kwa sababu kikitupwa hakuna fedha ya kununua kingine. Mama yeyote anayesimama mbele ya mafungu ya mboga Mwanakwerekwe au Chake Chake na noti yake ya mwisho anaijua hesabu hiyo. Hasa kwa karoti, kabichi na vitu vingine vingi vinavyovuka bahari kutoka Bara, ambavyo bei yake hupanda boti zikichelewa. Na anayeishi Makunduchi au Jambiani, kwenye maweni, hawezi kuambiwa apande tuta la mchicha nyuma ya nyumba kama mtu wa shamba lenye udongo mzito.

Hapo ndipo ninapoliona sinia kwa jicho jingine. Ushauri wa mara 15 uliandikwa na watu ambao kila mtoto wao ana sahani yake, na akiacha, chakula kinakwenda jaani. Kwetu kinachobaki mbele ya mtoto kinaliwa na aliye jirani yake. Mchicha umeshapikwa kwa ajili ya watu wazima, kwa hiyo kumwonjesha mtoto hakugharimu hata senti moja. Na kuna faida kubwa zaidi: anaona mikono mitano inakwenda upande ule wa kijani. Mtoto huyu huyu anayesema mchicha mchungu, nimemkuta kibarazani na wenzake anakula embe mbichi kwa chumvi na pilipili, kali ya kumfumbisha macho. Hakuna aliyemlazimisha. Alitaka kula wanachokula wenzake.

Kwa hiyo swali la kwanza ni kama sisi wenyewe tunaula. Nilipoanza kutazama, niliona babaake huuzunguka mchicha vile vile, ila yeye hafukuzi majani kwa kidole.

Sinia nalo lina upungufu wake, na nausema bila kuuficha. Mtoto wa mwaka mmoja au miwili hupotea pale. Mikono ya wakubwa ina kasi, na hakuna anayejua amekula matonge mangapi. Ndiyo maana wahudumu wa afya huwaambia mama wamtengee mdogo kibakuli chake, wamlishe taratibu wakimtazama. Wanaosema hiyo ni kumtenga na wenzake nadhani wanakosea: kibakuli kinaweza kukaa pale pale mkekani, kando ya sinia.

Wapo wanaoficha. Boga au karoti husagwa ndani ya mchuzi wa tungule (nyanya) na mtoto hajui. Mwaka 2011 watafiti wa chuo cha Penn State, Marekani, walionyesha kwamba watoto wa miaka 3 hadi 5 waliochanganyiwa mboga za kusagwa namna hiyo walikula mboga nyingi zaidi na chakula hakikuwachukiza. Mimi nasaga, na sioni haya, kwa sababu mwili unahitaji leo. Lakini ulimi haufundishwi na kisichoonekana, kwa hiyo boga la kusagwa halinizuii kuweka boga la vipande kando yake.

Kwenye matunda sina ugomvi na mtu, isipokuwa na juisi. WHO huihesabu sukari ya juisi, hata ya tunda halisi, pamoja na sukari ya kuongezwa, kwa hiyo jagi la juisi ya embe si sawa na embe. Pera tunalidharau bure: gramu kwa gramu lina vitamini C mara nne hivi ya chungwa, na vitamini C husaidia mwili kuyapokea madini ya chuma yaliyomo kwenye majani. Pera baada ya mchicha ni jambo jema, ilhali chai baada ya mchicha huzuia madini hayo hayo. Shokishoki na zabibu kwa aliye chini ya miaka mitano zikatwe na kokwa litolewe, maana huteleza na kumkaba.

Kuhusu wanaosema vidonge vinatosha, Pemba yenyewe ina jibu. Mwaka 2006 jarida la Lancet lilichapisha jaribio kubwa lililofanywa huko kwa watoto wa mwezi 1 hadi 35, wakati malaria bado ni nyingi. Waliopewa madini ya chuma na asidi ya foliki kila siku walilazwa na kufa zaidi kuliko waliopewa dawa bandia, na sehemu hiyo ikasimamishwa. Dawa aliyoandika daktari kwa mtoto mwenye upungufu wa damu apewe, na matone ya vitamini A ya kampeni yapokewe. Lakini kununua chupa dukani ili tusihangaike na mboga si njia.

Kwa sasa nyumbani tumepatana hivi. Mboga huwekwa kila siku, na hakuna anayeisemea neno. Babaake hula ya kwanza. Samaki hatolewi kama ujira, na yai la peke yake halikaangwi. Mama bado hajaridhika, na mimi nina siku naanguka, hasa mtoto akiumwa na nataka tu ale chochote.

Ijumaa mwanangu alichukua bamia moja kwenye mchuzi, akaibana mpaka mbegu zikatokeza, akailamba, akairudisha ukingoni. Bibi yake akaichukua akaila, akaendelea na hadithi aliyokuwa anatusimulia. Kwa hesabu yangu ilikuwa mara ya saba.