Richmond: Ofisi Wamezipata, Mamlaka Je?

Mwaka 1989 jiji la Richmond, Virginia, lilipokea habari mbili zisizopatana. Januari, Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta mpango wa jiji wa kutenga sehemu ya kazi za zabuni kwa kampuni za Weusi na makundi mengine yaliyobaguliwa. Novemba, wapiga kura wa Virginia wakamchagua Douglas Wilder kuwa gavana. Wilder alizaliwa Richmond, mjukuu wa watumwa, na kabla yake hakuna jimbo lolote la Marekani lililowahi kumchagua gavana Mweusi. Alishinda kwa kura zisizofika 7,000.

Wanaolichambua jiji hili huchagua mojawapo ya habari hizo na kuisahau nyingine. Wapo wanaosema safari ya Weusi kutoka mnada wa watumwa hadi ikulu ya gavana imekamilika, au karibu kukamilika. Wengine wanasema ofisi hizo ni ganda tupu. Nawaelewa wote, lakini swali langu ni jingine: kila ofisi ilipofika mikononi mwa Weusi, ilikuwa bado na nguvu gani ndani yake?

Tuanzie bondeni, mahali paitwapo Shockoe Bottom. Kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Richmond ilikuwa soko la pili kwa ukubwa la kuuzia watumwa Marekani, baada ya New Orleans. Inakadiriwa watu zaidi ya 300,000 walipitia mikononi mwa madalali wake wakipelekwa kwenye mashamba ya pamba na miwa ya Kusini zaidi. Dalali mmoja, Robert Lumpkin, aliendesha hapo gereza la kuwafungia watu wakisubiri kuuzwa, nao waliofungwa waliliita nusu eka ya shetani. Mary, mwanamke aliyekuwa mtumwa wake na kumzalia watoto, ndiye aliyerithi eneo hilo. Mwaka 1867 alilikodisha kwa mchungaji wa Kibaptisti aliyetaka kuwafundisha watu waliotoka utumwani. Shule hiyo ndiyo mojawapo ya mizizi ya Chuo Kikuu cha Virginia Union, na Wilder alisoma hapo. Anayesema hakuna kilichobadilika Richmond aanze kwa kueleza jambo hilo.

Hata hivyo mabadiliko yale yalirudishwa nyuma kwa makusudi. Baada ya vita Weusi walipiga kura na kuingia katika baraza la jiji. Kisha katiba ya Virginia ya 1902 ikaleta kodi ya kura, yaani ada iliyolazimu kulipwa kabla ya kupiga kura, na masharti mengine yaliyowaondoa karibu wote kwenye daftari la wapiga kura. Ilichukua hadi 1948 kwa Mweusi mwingine, wakili Oliver Hill, kuchaguliwa katika baraza hilo.

Kuna tukio la 1970 ambalo kwangu ndilo ufunguo wa mambo yote. Kufikia wakati huo Weusi walikuwa asilimia 52 ya wakazi, na ilikuwa wazi kwamba baraza lingekuja mikononi mwao. Tarehe 1 Januari jiji likatwaa maili za mraba 23 za kaunti jirani ya Chesterfield, pamoja na wakazi wake wapatao 47,000, karibu wote Weupe. Weusi wakashuka hadi asilimia 42 bila mtu hata mmoja kuhama nyumba. Mkazi mmoja Mweusi, Curtis Holt, alikwenda mahakamani, na shauri likaenda mbali kiasi kwamba uchaguzi wa baraza haukufanyika kwa miaka saba. Ardhi ilibaki kwa jiji, lakini jiji likalazimika kugawanywa katika kata tisa, kila moja ikichagua mjumbe wake wa baraza. Katika uchaguzi wa Machi 1977 Weusi wakapata viti vitano kati ya tisa, na baraza likamchagua Henry Marsh kuwa meya wa kwanza Mweusi.

Ushindi huo haukuwa mdogo. Lakini tuangalie Marsh alikabidhiwa nini. Katika Virginia jiji halimo ndani ya kaunti yoyote, kwa hiyo tajiri akihamia ng'ambo ya mpaka anaondoka na kodi yake yote. Jiji pia halina mamlaka ila yale liliyopewa na Bunge la jimbo. Mwaka 1972 jaji Robert Merhige aliamuru shule za Richmond ziunganishwe na za kaunti za Henrico na Chesterfield, kwa sababu familia za Weupe zilikuwa zinakimbilia huko. Mahakama ya rufaa ilibatilisha amri hiyo. Mwaka 1973 majaji wa Mahakama ya Juu wakagawanyika wanne kwa wanne, na ubatilisho ukasimama. Kisha mwaka 1987 Bunge la jimbo likasitisha haki ya miji kutwaa ardhi ya kaunti. Sheria hiyo ilihusu miji mingi ya Virginia, na si haki kudai iliandikwa kwa ajili ya Richmond peke yake. Bado matokeo yako wazi: baraza lililoongozwa na Weupe liliweza kusogeza mpaka, na lililoongozwa na Weusi likafungiwa ndani yake.

Ndipo ikaja kesi ya zabuni. Baraza liligundua kwamba katika jiji ambalo nusu ya wakazi ni Weusi, kampuni zao na za makundi mengine ya wachache zilikuwa zimepata asilimia 0.67 tu ya mikataba mikuu ya ujenzi kati ya 1978 na 1983. Likaamuru kila mkandarasi mkuu awape wakandarasi wadogo wa makundi hayo angalau asilimia 30 ya thamani ya kazi. Kampuni ya Croson, iliyoomba kazi ya mabomba katika jela ya jiji, ikashtaki na kushinda. Walioutetea uamuzi huo walikuwa na hoja nzito. Mpango ulitungwa ovyo kiasi cha kuwataja hata Waeskimo, wenyeji wa nchi za baridi kali za kaskazini, ambao hakuna ushahidi kwamba walibaguliwa Richmond. Nakubali. Lakini Jaji Sandra Day O'Connor alitumia pia hoja kwamba Weusi walishikilia viti vitano kati ya tisa vya baraza, hivyo sheria yao ilipaswa kuchunguzwa kwa ukali zaidi. Hapo siwezi kumfuata. Karne nzima baraza la Weupe liligawa kazi kwa Weupe, na wingi wa viti vyake haukuwahi kuhesabiwa kuwa sababu ya kulishuku.

Wanaoziona ofisi hizo kuwa ganda tupu wanaweza kuishia hapo. Mimi siishii hapo, kwa sababu ya sanamu. Sanamu ya Jenerali Robert Lee, aliyeongoza jeshi la majimbo ya Kusini yaliyopigania utumwa katika vita vile, ilisimikwa mwaka 1890. John Mitchell, mhariri wa gazeti la Weusi na mjumbe wa baraza, alipinga fedha za jiji kutumika kwa sherehe zake. Aliandika kwamba Mweusi ndiye aliyeisimamisha, na wakati ukifika atakuwepo kuishusha. Kwa miaka mingi sheria ya jimbo ilizuia miji kugusa sanamu za vita, hata Richmond ilipokuwa na meya Mweusi. Sheria hiyo iliondolewa mwaka 2020 na Bunge lililochaguliwa upya. Siku sheria mpya ilipoanza kutumika, 1 Julai, meya Levar Stoney aliamuru sanamu za aina hiyo zilizokuwa mali ya jiji zishushwe. Ile ya Lee, mali ya jimbo, ikafuata Septemba 2021. Kampuni iliyoifanya kazi hiyo ilikuwa ya mkandarasi Mweusi. Bila watu waliochaguliwa katika ofisi hizo, sanamu zile zingekuwa zimesimama hadi leo.

Wala rangi ya kiongozi si dhamana. Mwaka 2013 meya Dwight Jones, mchungaji na Mweusi, alipendekeza uwanja wa besiboli ujengwe Shockoe Bottom, hatua chache kutoka palipokuwa gereza la Lumpkin. Alitafuta mapato, na jiji lenye mpaka uliofungwa lina haki ya kuyatafuta. Wakazi, wengi wao Weusi, walipinga mpaka mpango ukakwama, na nadhani walikuwa sahihi.

Leo Weusi hawafiki tena nusu ya wakazi wa Richmond. Kodi za pango zinapanda na wengine wanahamia zile kaunti zilizowakataa zamani, hivyo hesabu ya viti vya baraza inazidi kupungua maana. Mamlaka yaliyowahi kuwafunga Weusi wa jiji hili yako kilimani, katika Bunge la jimbo. Januari 2024 Don Scott alikuwa Mweusi wa kwanza kuchaguliwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo hilo. Yeye na wenzake wanaweza kubadili jinsi shule zinavyogharimiwa na jinsi jiji na kaunti zinavyogawana kodi. Baraza la jiji nalo linaweza kukusanya ushahidi wa ubaguzi katika zabuni, kwa kuwa hukumu ya 1989 iliacha mlango kwa mpango wenye ushahidi mahususi. Haya ndiyo ningemuuliza kila mgombea anayekuja kupiga picha Shockoe Bottom.