Ukaimu Usiokwisha

Juma lililopita nilipeleka barua katika ofisi ya mkuu wa chuo kikuu ninachofundisha, na nilipokuwa nikingoja katibu amalize simu, macho yakanitua kwenye kibao cha mlangoni. Neno "Kaimu" limechapwa kwenye karatasi na kubandikwa kwa selotepu mbele ya "Naibu Chansela", ambacho ndicho cheo cha mkuu wa chuo hapa kwetu Kenya, na karatasi yenyewe imekwisha kugeuka manjano. Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2017 inasema mtu asikaimu cheo kwa zaidi ya miezi 6. Selotepu haikuisoma, nadhani.

Watu huuona ukaimu kama jambo dogo la makaratasi, lakini mimi nauona ndio ugonjwa wenyewe, kwa sababu kaimu hana ubavu wa kukataa. Mwenyekiti wa Baraza, chombo kinachosimamia chuo, akimnong'onezea kuhusu zabuni, au wizara ikimpigia simu kuhusu nani aajiriwe, atajibu vipi ilhali hao hao ndio watakaoamua kama atathibitishwa? Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu zimetaja mara kadhaa vyuo vinavyowakata wafanyakazi fedha za pensheni bila kuziwasilisha zinakotakiwa, na kaimu, ambaye naye hukatwa, hutia saini na kunyamaza.

Hadi mwaka 2002 Rais mwenyewe ndiye aliyekuwa chansela wa vyuo vikuu vyote vya umma, na Rais Kibaki alipouachia wadhifa huo tulishangilia. Kumbe kamba ilirefushwa tu: Januari 2020 waziri wa elimu alibatilisha uteuzi wa Naibu Chansela wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akalivunja na Baraza, na mvutano ukafika mahakamani.

Nakiri, shingo upande, kwamba marekebisho ya mwaka 2018 yaliyoipa Tume ya Utumishi wa Umma kazi ya kuwasaili wakuu wa vyuo yalikuwa na sababu, maana mabaraza mengine yalikuwa yakiajiri kana kwamba yanagawa urithi wa ukoo. Ila msaili bora hafai kitu ikiwa usaili wenyewe haufanyiki.

Barua yangu ilihusu makato hayo ya pensheni. Katibu aliisoma, akaipiga muhuri, akaiweka juu ya rundo la nyingine na kuniambia kwa upole, "Daktari, hii itangoja mkubwa athibitishwe kwanza."