Mgongo ukiuma gym, tusilaumu fomu peke yake

Kwenye gym za mtaani hapa Dodoma, iwe Chang'ombe au Nkuhungu, mtu akiumia mgongo hukumu ni moja tu, "fomu mbovu, papara zako", fomu yaani namna unavyouweka mwili ukinyanyua. Na wanaosema hivyo wana hoja, maana anayeongeza kilo 20 kwa siku moja ili apigwe picha hakuna kifaa cha kumuokoa, na wapo wakishafunga mkanda wanajiona tingatinga. Hata kule Marekani NIOSH, taasisi yao ya usalama kazini, ilisema mwaka 1994 kwamba mikanda ya mgongo haijathibitika kumkinga mfanyakazi anayebeba mizigo. Sawa, hapo nawaachia.

Ila vifaa navyo vina lawama. Chukua dedilifti, lile zoezi la kunyanyua chuma chenye uzito huku na huku kutoka sakafuni. Sahani kubwa za uzito za mashindano zina kipenyo cha sentimita 45, kwahiyo chuma kinakaa sentimita 22.5 kutoka chini. Sisi tunamwaga zege kwenye ndoo, linatoka duara la kama 28, chuma kinakaa 14. Sentimita nane na nusu zimepotea hapo! Jamaa mwenye miguu mirefu anakifuata huko chini lazima apinde mgongo, alafu anafokewa "nyoosha mgongo wewe", sasa anyooshe vipi wakati chuma kiko jirani na vifundo? Hiyo fomu mbovu kaitengeneza aliyemwaga zege. Na dawa yake ni vipande viwili vya mbao chini ya uzito, basi. (Na huo uzito mpeleke kwenye mizani ya mahindi kwanza, kushoto na kulia mara nyingi havilingani.)

Benchi nayo, pale unapolala chali ukisukuma chuma juu, ni hivyohivyo. Tunaambiwa utafute mtu wa kukushikia, ushauri mzuri tu, lakini saa kumi na moja alfajiri na baridi ya Dodoma ya mwezi wa saba utamtoa wapi? Mwambie fundi wa kuchomelea akuwekee mikono miwili ya chuma pembeni, kimo chake kiwe chini kidogo ya kifua ukiwa umekibinua ila juu kuliko shingo, ukishindwa unalaza kifua, chuma kinabaki pale unatoka zako. Tatizo mafundi wengi wanachomelea moja kwa moja, kimo kinamfaa aliyepimiwa tu, mwembamba akija kinamzuia na mnene hakimsaidii. Mwambie atoboe matundu mikono ipande na kushuka, na pini iwe nene, sio msumari wa inchi nne.