Maisha Yangu Yamepewa Oscar, Mimi Hata Soda Sikupewa

Nina kesi na watu wa Marekani. Wametoa muvi mwaka 2022, inaitwa Everything Everywhere All at Once, na Machi 2023 ikabeba Oscar 7 kwa mpigo, ya filamu bora ikiwemo. Inahusu nini? Inahusu dobi! Mama dobi, kodi imemkaba koo, mume hawaelewani, baba mzazi ndani anataka kuhudumiwa, na binti anayeongea kwa kununa.

Mimi ni dobi hapa Mwanga, Kigoma, mwisho wa reli. Daftari langu la mauzo limelowa maji ya bluu, halisomeki. Baba mkwe alikuja kwa wiki mbili, huu ni mwezi wa nane hajaondoka. Binti ninaye, na kununa anajua. Sasa niambieni, haya maisha waliyoyapiga picha ni ya nani?

Nilivyoingia banda la video sikujua hayo. Kijana wa mlangoni aliniambia, "Mzee, ni ya mapigano, yumo yule mama aliyekuwa anapiga mateke na Jackie Chan." Nikatoa hela. Kumbe mapigano yenyewe ni ya dunia nyingi kwa wakati mmoja. Kila unapoamua jambo, dunia inachipua nyingine ambako uliamua tofauti. Kuna Evelyn, ndiye yule mama dobi, aliyekataa kuolewa akawa nyota wa sinema, kuna aliyekuwa mpishi, kuna dunia ambako watu wana vidole laini kama soseji, wanapigiana piano kwa miguu. Na kuruka kutoka dunia moja kwenda nyingine sharti ufanye kituko: ule mafuta ya mdomo, au umwambie ofisa wa kodi kwamba unampenda. Mimi juzi nimesimama nusu saa na pasi mkononi nasubiri umeme urudi, kanzu ya mtu iko mezani na harusi imeshaanza. Kama kituko ndiyo nauli, mbona sijaruka hata kufika Ujiji?

Halafu kuna mtafsiri. Pale kwenye sehemu ya mawe mawili juu ya jabali, muvi iko kimya kabisa, maneno yanatokea ya kuandikwa tu. Mtafsiri wetu kimya hakiwezi. Akayafanya mawe yagombane bei ya dagaa wa Kibirizi! Banda zima tulicheka mpaka bati likalia. Wiki iliyofuata binti yangu akanionyesha kwenye simu yake, na maneno akanisomea. Kumbe yale mawe ni mama na mwanawe, na ndipo wanapoambiana mambo ambayo kwenye udobi wao hayakusemeka. Nilijisikia kama mtu aliyecheka msibani.

Kuigiza wameigiza, hilo siwanyimi. Michelle Yeoh, mzaliwa wa Ipoh kule Malaysia, amekuwa mwanamke wa kwanza wa Asia kupata Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Watu wanasifia mateke. Mimi namsifia pale mwanzo, amekaa na lundo la risiti, mteja anaita, mume anaita, na uso wake hauko kwa yeyote. Uso ule hausomewi, ule ni wa Jumamosi saa kumi jioni, nguo za Jumapili hazijakauka na wingu linatoka upande wa ziwani.

Mumewe kaigizwa na Ke Huy Quan. Ni yule mtoto wa kofia aliyekuwa na Indiana Jones mwaka 1984. Alipokua kazi zikakatika, karibu miaka 20 akawa nyuma ya kamera, ikiwemo kupanga mapigano ya wenzake. Humu anacheza wanaume watatu kwa mwili mmoja. Mtazameni mabega: akiwa mume wa udobini yameshuka, kijimkoba kiunoni. Dakika moja miwani inatoka, mabega yanapanda, na kijimkoba kilekile kinawalaza walinzi chini. Hakubadilishiwa hata shati.

Alipopokea Oscar yake alisema safari yake ilianza ndani ya boti, kisha mwaka mmoja kambi ya wakimbizi. Nikamsimulia fundi viatu tunayegawana naye baraza, ambaye naye alivuka ziwa kwa boti kutoka upande wa Kongo. Akaacha sindano. Akafikiri. "Mwaka mmoja? Ndugu yangu, mimi kambini nimemaliza kumi na tisa. Zangu zije kwa lori." Akarudi kushona soli. Mimi nilicheka, yeye hakucheka sana.

Binti yangu yeye ana kesi nyingine. Jamie Lee Curtis, ofisa wa kodi mwenye kitambi alichokiacha kitangulie bila aibu, alipata Oscar ya mwigizaji msaidizi. Stephanie Hsu, aliyecheza binti na adui kwa pamoja, alishindania tuzo hiyohiyo akaondoka mikono mitupu. "Unaona baba? Hata kule mabinti ndio wanabeba mzigo, sifa wanapewa watu wazima." Nikamwambia atoe nguo kambani, mvua inakuja. Akanuna, lakini kwa kipaji.

Sasa iliyoniponza ni dunia ile ambako Evelyn na mumewe hawakuoana. Mwanaume ni tajiri, kavaa suti, anamwambia Evelyn kwamba katika maisha mengine angefurahi tu kufua nguo na kulipa kodi pamoja naye. Bandani wanaume wazima tulijifanya vumbi limetuingia machoni.

Nikaona hii niende nayo nyumbani. Nikamsubiri mama watoto ashushe sufuria, nikavua kofia, nikashusha sauti: "Mke wangu, hata kama kuna dunia elfu, mimi ningechagua hii ya kufua nguo na kulipa kodi pamoja na wewe."

Akaniangalia kwa muda. Baba mkwe naye akapunguza redio ili asikie.

"Ndiyo hiyo unayo," akasema. "Anza na beseni la mashuka ya gesti, lipo nje tangu asubuhi."

Mashuka kumi na nane. Na sabuni ya mche imebaki kipande.