Neno "Kusafisha" Limeniulia Pampu

Wiki iliyopita nilikuwa ndani ya Coaster inayotoka Arusha kwenda Moshi, pampu ya dizeli ya pikapu yangu ikiwa mapajani, imefungwa kwenye mfuko wa sukari na bado inachuruzika, kwa kuwa fundi niliyempelekea kule Unga Limited alikuwa ameitazama mara moja tu na kunishauri nitafute nyingine. Tuliposimama Boma Ng'ombe, abiria aliyeketi nyuma yangu alifunga mjadala mrefu kuhusu bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, kwa swali lililochekesha gari zima: "Mafuta yanapita kwetu, yana uchafu tu, sasa hata kusafisha kunatushinda?" Mimi, ambaye nimefundisha kemia miaka kumi na tisa, sikucheka, kwa sababu ile pampu iliyokuwa ikinichafua suruali iliuawa na neno hilohilo.

Mwezi mmoja kabla ya hapo niliishiwa dizeli jioni, mvua inanyesha, nikanunua lita kumi za kwenye dumu kando ya barabara, tena kwa kijana niliyewahi kumfundisha. Harufu ya mafuta ya taa ilikuwa wazi kabisa. Nilipomwuliza, alinijibu bila kupepesa macho: "Mwalimu, mafuta ya taa ni dizeli iliyosafishwa zaidi. Injini itakushukuru." Ningependa sana kuandika hapa kwamba nilimkatalia. Nilimimina. Wala simtuhumu kwa wizi, maana tangu serikali ilipoanza kuweka vinasaba, yaani kemikali za kuyatambua yaliyochanganywa, kwenye mafuta mwaka 2010 na kupandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011, faida ya uchakachuaji wa namna ile imepungua mno. Nadhani aliamini alichokisema, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwa kuwa aliketi darasani kwangu.

Fundi wangu wa Majengo alipoifungua pampu alichomoa pistoni ndogo, nyembamba kama penseli, akaifuta kwa kitambaa na kuimulika kwa tochi ya simu. Kifaa hicho hutakiwa kung'aa kama kioo. Hiki kilikuwa na mikwaruzo iliyokwenda urefu wake wote, kama mlango uliokwanguliwa na paka aliyefungiwa nje. Pampu ya aina hiyo hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake, na mafuta ya taa ni mepesi mno kwa kazi hiyo, kwa hiyo kwa muda wote niliokuwa nikiendesha kwa amani kati ya Moshi na Himo, chuma kilikuwa kikila chuma.

Mafuta ghafi si mafuta machafu. Ni mchanganyiko wa haidrokaboni, yaani michanganyiko ya haidrojeni na kaboni, nyingi mno, kuanzia zile nyepesi zinazotoka kama gesi hadi zile nzito zinazoishia kuwa lami, na kila kundi lina kazi yake. Sisi wa Moshi hatuna udhuru wa kutolielewa jambo hili, kwa sababu tumekulia karibu na kiwanda cha kukoboa kahawa. Kahawa ikishakobolewa hupitishwa kwenye chekeche, punje kubwa zikaenda AA, nyingine AB, zile za mviringo PB, na kadhalika, wala sijawahi kumsikia mkulima wa Kibosho akidai kwamba AA ni PB iliyosafishwa zaidi. Mnara wa kukenekea mafuta hufanya kazi ya namna hiyo, isipokuwa chekeche lake ni joto: mafuta ghafi hupashwa hadi takriban nyuzi 350 za Selsiasi, mvuke hupanda na kupoa kadiri unavyokwenda juu, na kila kundi hugeuka kuwa kimiminika kwenye sahani za ghorofa yake. Gesi na petroli hutoka juu, mafuta ya taa chini yake, dizeli chini zaidi, na yaliyo mazito hubaki sakafuni. Mafuta ya taa na dizeli wanapakana ghorofa, tena mipaka yao hupishana kidogo, ndiyo maana wakichanganywa jicho halitambui. Lakini kupakana hakumfanyi mmoja kuwa mwenzake aliyeoga.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba mwanzoni pana kuosha kweli, tena kwa maji. Kabla ya kuingia mnarani mafuta ghafi huchanganywa na maji, kisha umeme hutumika kuyakusanya matone hayo yazame pamoja na chumvi, kwani chumvi ikibaki huzaa asidi ya haidrokloriki inayokula chuma cha mtambo. Na mbele ya safari salfa nayo huondolewa kwa haidrojeni. Sawa, hapo usafi upo. Lakini kumwita mpishi mwosha mchele kwa sababu pilau lake lilianza na kuosha mchele ni kumdhulumu.

Na pilau lenyewe ndilo gumu. Soko linataka petroli na dizeli, ilhali mnara hutoa kwa uwiano ambao mafuta ghafi yenyewe yamekuja nao, upende usipende, na ukitaka zaidi ya hapo unahitaji mtambo wa kuvunja molekuli ndefu katika joto la takriban nyuzi 500 mbele ya unga wa kichocheo, pamoja na mwingine wa kuzipanga upya molekuli za petroli kwa msaada wa platini ili injini isigonge. Hapa hata mfano wangu wa kahawa unaniangusha, kwa kuwa hakuna kiwanda kinachoweza kuchukua punje hafifu kikazifanya AA. Kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kilichoanza kazi mwaka 1963, hakikuwa na mtambo huo wa kuvunja. Kilibaki na mafuta mazito mengi yasiyolipa, kikashindwa kushindana na viwanda vikubwa vya ng'ambo, na mwaka 2013 kikaacha kuchakata. Kile cha Kigamboni kilikuwa kimeshatangulia, mwishoni mwa miaka ya 1990. Leo vyote viwili hutunza mafuta yaliyochakatwa kwingine, na sikumbuki kusikia kwamba kimojawapo kilifungwa kwa kukosa sabuni. Halafu hayo mafuta ya Hoima tunayoyapigia hesabu yamejaa nta, kiasi kwamba bomba lake la kilomita 1,443 limebuniwa lipashwe joto njia nzima, kwani yakipoa huganda kama samli. Nta hiyo nayo ni sehemu ya mali, si taka.

Neno hilo limetuharibia metali pia. Dhahabu sina ugomvi nayo, kwa kuwa imo mwambani ikiwa tayari dhahabu, kwa hiyo kuisafisha ni kuisafisha. Lakini chuma? Hematiti, mojawapo ya mawe yanayotoa chuma, ikiwa safi kabisa, bila chembe ya udongo, ina chuma takriban asilimia 70 kwa uzito, na bado huwezi kuitengenezea hata msumari, kwa sababu sehemu iliyobaki ni oksijeni iliyoungana na chuma hicho, na oksijeni haioshwi: hunyang'anywa, na anayeinyang'anya ni kaboni monoksidi inayotokana na mkaa ndani ya tanuri. Wahunzi wa Upare, ambao chuma chao kiliuzwa hadi Uchagani kabla ya ukoloni, walilijua hilo kwa mikono yao, kwa mkaa na mivukuto, bila kufika kidato cha tatu. Wanafunzi wangu hukariri mlinganyo wake vizuri sana, kisha huniuliza kama tope la juu la tanuri ndilo uchafu uliooshwa.

Wachimbaji wadogo wametushinda kwa maneno. Wao wana karasha ya kusaga mawe, marudio yanayobaki baada ya kuchakata, kuchenjua, yaani kutenganisha madini na mawe, na kuyeyusha, na kusafisha huja mwisho kabisa, mahali pake panapostahili. Mwaka 2017, lilipotangazwa zuio la kusafirisha mchanga wa dhahabu nje ya nchi, neno makinikia lilifika hadi kwa kina mama wauza ndizi wa Mbuyuni, wakalitumia kutaniana, kwa hiyo mtu asiniambie kwamba lugha haiwezi. Mimi nasema kuchenjua mafuta, na kama BAKITA wana neno bora walilete.

Yote haya nilianza kumweleza abiria yule, naye alisikiliza kwa adabu, akateremka Kwa Sadala kabla sijafika kwenye kuvunja molekuli.

Kesho yake nilikwenda Majengo na pampu ya mtumba ya laki nne na nusu. Fundi alikuwa ameshanyonya mafuta yote yaliyokuwa tangini, madumu mawili yamejaa, na nilipomwuliza tuyamwage wapi, aliyavuta upande wake. "Usimwage, mwalimu, niachie," alisema. "Haya ndiyo mazuri ya kusafishia vyuma."